Laini Kwanza, Modemu Baadaye: Uteuzi wa Mitambo ya Intaneti ya Kupiga Simu kwa Mtoa Huduma Mdogo Kisiwani Amu

Utangulizi

Makala haya yanafafanua namna mtoa huduma mdogo wa intaneti alivyopaswa kuteua mitambo yake zama ambapo mtu aliyetaka kusoma barua pepe alilazimika kwanza kupiga simu. Huenda msomaji akajiuliza mada ya namna hii inatafuta nini katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili. Jibu langu ni la kitafiti. Nilipokuwa Amu nikikusanya data ya tasnifu yangu ya uzamili kuhusu miswada ya tenzi, mwenyeji wangu wa mtaa wa Langoni alinifungulia kabrasha la barua pepe zilizochapishwa karatasini, nyingi zikiwa za kati ya mwaka 2000 na 2003. Zilikuwa za marehemu nduguye, aliyekuwa akimwandikia mhadhiri mmoja wa ng'ambo kuhusu utenzi uliomo katika mswada wa familia. Takriban katika kila barua mna beti kadhaa zilizonukuliwa kwa hati za Kirumi, na baada ya beti mna kuomba radhi: picha za kurasa hazijaenda, laini imekatika, atajaribu tena usiku. Hadi barua ya mwisho picha hizo hazikuwa zimekwenda.

Kwa mtafiti wa fasihi hilo si jambo dogo. Hati za Kiarabu zilizotumiwa kuandikia tenzi za kale hazitofautishi daima /e/ na /i/, wala /o/ na /u/, na mara nyingi herufi moja husimamia /b/ na /p/, na nyingine ikasimamia /f/ na /v/. Anayenukuu kwa hati za Kirumi huwa amekwisha kuchagua usomaji mmoja na kuuacha mwingine. Kwa hiyo mhadhiri yule alipokea usomaji wa mtu mmoja. Mswada wenyewe hakuupokea.

Mwenyeji wangu aliilaumu modemu. Aliitoa mvunguni mwa kitanda, nyeupe iliyogeuka rangi ya samli, akanionyesha tarakimu 56 zilizoandikwa usoni mwake. "Hii ilisemwa ni ya mbio, mwanangu," akaniambia, "lakini ndia zetu wazijua. Punda wa mbio utampitisha wapi?" Nami nikatoka pale na swali: lau Amu ingelikuwa na mtoa huduma wake, naye akanunua mitambo bora, je, picha zile zingelifika?

Hali ilivyokuwa

Ifahamike kwanza kwamba intaneti ya kibiashara iliingia Kenya katikati ya miaka ya 1990, na watoa huduma wa mwanzo wakajikita Nairobi na baadaye Mombasa. Kabla ya hapo, miaka ya mwanzo ya 1990, mashirika yasiyo ya kiserikali jijini Nairobi yalikuwa yakitumiana barua kwa mfumo wa FidoNet. Katika mfumo huo tarakilishi moja huipigia nyingine simu usiku, huzikabidhi barua zote za siku nzima kwa mkupuo, kisha hukata. Mwaka 1998 mtandao wa Jambonet ulizinduliwa ili uwe mlango wa nchi wa kutokea ng'ambo. Mwaka 1999 shirika la posta na simu, KPTC, liligawanywa, na Telkom Kenya ikapewa haki ya pekee iliyodumu hadi mwaka 2004. Katika kipindi hicho mtoa huduma alikodi laini za simu kwa Telkom, akanunua njia ya kutokea ng'ambo kwa Telkom, na pengine akashindania wateja na Telkom hiyo hiyo.

Amu iko zaidi ya kilomita 200 kutoka Mombasa. Mkaazi wa Amu aliyejiandikisha kwa mtoa huduma wa Mombasa alikuwa akilipa mara mbili: ada ya intaneti, na gharama ya simu ya masafa kwa kila dakika aliyokuwa hewani. Hiyo ndiyo hoja kuu ya kuweka mitambo Amu kwenyewe. Mteja angelipiga simu ya mtaani, na safari ya kutoka kisiwani ingebebwa na laini moja ya kukodi ambayo gharama yake wateja wote wanachangia.

Katika sehemu zinazofuata namchukua mtoa huduma wa kukisia: yuko Amu, mwaka ni 2000, ana wateja 120, na ana fedha za kununua mara moja tu.

Simu inavyobeba data

Neno modemu limetokana na vitendo viwili: kuigeuza data kuwa sauti, na kuigeuza sauti kuwa data. Laini ya simu ya shaba ilitengenezwa ibebe sauti ya binadamu, na modemu ni kifaa kinachoifanya tarakilishi itoe sauti. Mlio ule wa kukwaruza uliosikika mwanzoni mwa kila simu ulikuwa majibizano: modemu moja inatangaza uwezo wake, ya pili inajibu, wanajaribu mwendo wa kasi, wanasikiliza kelele za laini, wanashuka hadi mwendo ambao wote wawili wanauweza. Tofauti na majibizano ya washairi wetu, hapa anayeshuka ndiye anayefanikiwa.

Viwango vya kasi vilipanda haraka. Kiwango cha V.32bis cha mwaka 1991 kilifikia biti 14,400 kwa sekunde. V.34 ya mwaka 1994 ilifikia 28,800, na miaka miwili baadaye ikapandishwa hadi 33,600. Mwaka 1997 makundi mawili ya watengenezaji yalitoa modemu za 56,000 zisizosikilizana, K56flex na X2, na vurugu hiyo ikatulizwa na kiwango cha pamoja cha V.90 mwaka 1998.

Hapa ndipo penye mtego, na ningependa kuuchambua kwa kirefu kwa sababu ndio uliowatia hasara wengi. Sauti inapofika katika kituo cha simu cha kidijitali hupimwa mara 8,000 kwa sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 8. Zao lake ni biti 64,000 kwa sekunde. Upimaji huo hauwi kamili; kila kipimo hukaribishwa kwenye tarakimu iliyo jirani, na ile tofauti ndogo inayobaki hugeuka kelele. Simu ya kawaida hupatwa na jambo hili pindi inapoingia kituoni, kisha hurudishwa kuwa sauti ya kawaida inapotoka kuelekea kwa anayepokea. Modemu mbili zinazozungumza kwa njia hii haziwezi kupita 33,600, ziwe zimeandikwa 56 au 156.

V.90 iliukwepa mgeuzo mmoja kati ya hiyo miwili. Ilitaka upande wa mtoa huduma uunganishwe na kituo cha simu kwa laini ya kidijitali moja kwa moja, bila kuigeuza data kuwa sauti kwanza. Mgeuzo unabaki mmoja tu, ule wa kuelekea nyumbani kwa mteja. Kwa hiyo kasi ya 56,000 haipatikani kwa kununua modemu ya 56. Inapatikana kwa kuwa na laini ya kidijitali upande wa mtoa huduma. Aliyenunua modemu 12 za V.90 akazichomeka kwenye laini 12 za kawaida alikuwa amenunua modemu za V.34 kwa bei ya V.90.

Tena kuna jambo la pili ambalo matangazo ya biashara hayakulipa nafasi. Kasi ya 56,000 ilikuwa ya kushuka tu, yaani kutoka kwa mtoa huduma kwenda kwa mteja. Kupanda, kutoka kwa mteja kwenda kwa mtoa huduma, V.90 ilibaki na 33,600 ile ile. Mtu wa Amu aliyetaka kuipeleka picha ya mswada alikuwa akipanda.

Njia tatu za mnunuzi

Mtoa huduma wetu alikuwa na njia tatu. Ya kwanza, na iliyo rahisi, ni tarakilishi ya kawaida yenye programu endeshi ya Linux. Tarakilishi ya wakati ule ilikuja na matundu mawili tu ya kuchomekea modemu, kwa hiyo huongezewa kadi yenye matundu 8 au 16, na kila tundu likapewa modemu moja ya nje. Kadi hiyo sharti iwe na kijibweta cha kuhifadhia herufi zinazoingia, kama kile cha baiti 16 cha chipu ya 16550A, la sivyo herufi hudondoka pindi tarakilishi inaposhughulika na jambo jingine. Uzuri wa njia hii ni kwamba kila kipande kinapatikana Mombasa na fundi yeyote makini anaweza kukibadilisha.

Njia ya pili ni kisanduku maalumu cha kupokelea simu. Cisco 2511 ilikuwa na matundu 16, na PortMaster 2 ya kampuni ya Livingston ilipatikana hata yenye matundu 30. Modemu zinabaki zile zile za nje, ila kazi ya kuwapokea wateja inafanywa na kisanduku kisichokuwa na diski ya kuzunguka. Livingston ndio waliobuni RADIUS, utaratibu ambao kisanduku hutumia kuiuliza seva kama jina na neno la siri la mteja ni sahihi, na baadaye kuiarifu mteja alikaa hewani dakika ngapi. Kwa anayeuza huduma kwa saa, taarifa hiyo ya pili ndiyo riziki yake.

Ya tatu ni mtambo wa kidijitali wenye modemu ndani yake: PortMaster 3, Ascend MAX, Total Control ya USRobotics. Huu hupokea laini ya aina ya E1, ambayo hubeba simu 30 kwa pamoja katika waya mmoja, na ndio pekee uliompa mteja 56,000. Hauna msitu wa nyaya, hauna adapta 12 ukutani. Lakini hauna maana yoyote mahali ambapo kituo cha simu hakimpi mteja mdogo laini ya E1, na hata kinapompa, analipia simu 30 ilhali mahitaji yake ni 12. Zaidi ya hayo, soko lake lilikuwa likiyumba. Livingston ilinunuliwa na Lucent mwaka 1997, Lucent ikamnunua Ascend mwaka 1999, na punde kampuni moja ikajikuta na mitambo miwili inayoshindana nyumbani mwake. Mnunuzi wa kisiwani hapaswi kubahatisha ni upi utakaoachwa bila vipuri.

Hesabu ya laini, na bomba la nyuma

Nimesema mahitaji ni laini 12. Kanuni iliyozoeleka miongoni mwa watoa huduma ilikuwa laini moja kwa kila wateja 10, kwa kuwa si wote wanaopiga saa moja. Kanuni hii ni ya kuanzia tu. Mji ambao watu wake wote wanafunga kazi kwa wakati mmoja na kusali kwa wakati mmoja unaweza ukawa na msongamano mkubwa baada ya sala ya Isha, na laini zikalala tupu adhuhuri.

Laini hizo huunganishwa kituoni ziwe kundi lenye nambari moja: ya kwanza ikiwa na mtu, simu huruka hadi ya pili, na kuendelea. Wenye uzoefu wanajua ugonjwa wa mpangilio huu. Modemu ikiganda huku laini yake iko wazi, kituo cha simu hakijui kwamba imeganda. Kila anayepiga huangukia hapo hapo, simu inalia bila kupokewa, na laini 11 nzima zinakaa bila kazi. Mteja anaamini huduma yote imekufa. Hii ndiyo sababu mimi naipendelea modemu ya nje yenye taa na swichi yake kuliko kadi ya ndani: kijana wa zamu anaziona taa, anaizima ile iliyonyamaza, anaiwasha tena, na kazi inaendelea.

Sasa tutazame upande wa pili wa chumba, ambako laini ya kukodi inatoka kwenda ulimwenguni. Tuseme ni ya biti 64,000 kwa sekunde. Wateja 12 wa kasi ya 28,800 wanaweza kwa pamoja kudai biti 345,600. Wote wakivuta kwa mara moja, kila mmoja anapata takriban 5,300. Kwa bahati nzuri binadamu husoma, na anaposoma havuti. Kwa hiyo hali halisi huwa afadhali kuliko hesabu hii. Hata hivyo inadhihirika kwamba kumwongezea mteja kasi upande wa simu, ilhali bomba la nyuma ni lile lile, ni sawa na kupanua mdomo wa mtungi bila kuongeza maji. Fedha za mtambo wa kidijitali zingelifaa zaidi kununulia seva ya barua iliyo Amu kwenyewe, pamoja na programu ya Squid inayohifadhi kurasa zilizokwisha kusomwa ili asomaye wa pili asizitoe tena ng'ambo.

Nje ya mikono ya mtoa huduma kulikuwa na ukuta mwingine. Kituo cha kubadilishana data za ndani ya nchi, KIXP, kilianza Nairobi Novemba 2000, kikafungwa kwa amri baada ya majuma machache, kikafunguliwa tena Februari 2002. Kabla ya hapo barua ya mteja wa kampuni moja kwenda kwa mteja wa kampuni nyingine, hata wawe wamekaa mtaa mmoja, mara nyingi ilipanda setilaiti, ikafika Marekani au Ulaya, ikarejea.

Chumvi na dizeli

Mitambo hutengenezwa na watu ambao hawajaiona Amu. Kila kitu hufika Mokowe kwa gari kisha huvushwa kwa mashua, na kutoka gatini hubebwa na hamali au punda. Hewa ya bahari huota kutu kwenye maungio ya shaba, na ungio lenye kutu huleta kelele katika laini. Modemu mbili zikisikia kelele husimamisha mazungumzo na kuanza upya majibizano yao. Mteja anaona ukurasa umeganda, na baada ya mara kadhaa simu hukatika. Dawa yake ni ya kushangaza kidogo: mtoa huduma huziamuru modemu zake zisijaribu kabisa kasi za juu, ziishie 28,800 au hata 26,400. Simu ya polepole isiyokatika hufikisha mengi kuliko ya haraka inayokatika kila dakika ya tano.

Kabla ya Amu kuunganishwa na gridi ya taifa katika muongo wa 2010, umeme wake ulitoka kwenye mitambo ya dizeli. Umeme ukikatika, simu haifi, kwani laini hupata volti zake 48 kutoka betri za kituo cha simu. Kinachokufa ni modemu na tarakilishi. Nami hapa nauona uzito wa njia ya pili. Tarakilishi ya Linux ya mwaka 2000 ikizimika ghafla hukagua diski yake yote inapowaka, na wakati mwingine humngojea mtu aijibu. Kisanduku kisicho na diski hurudi kazini chenyewe. Kwa hiyo ningemshauri mtoa huduma wetu achukue kisanduku cha matundu 16, modemu 14 za nje za V.34 (12 za kazi na 2 za akiba), tarakilishi moja kando kwa ajili ya barua, Squid na RADIUS, na UPS inayotosheleza hivyo vyote kwa nusu saa. Vikinga radi katika kila laini ya simu visisahaulike, kwani radi hupitia waya wa simu kwa urahisi ule ule inaopitia wa umeme.

Neno kuhusu istilahi

Msomaji amekwisha kuona kwamba nimetumia tarakilishi, wala sikutumia kompyuta, na nimelazimika kusema kisanduku cha kupokelea simu kwa kukosa neno moja. Sheikh Ahmed Nabhany, mzaliwa wa Amu aliyefariki mwaka 2017, anakumbukwa kwa kulipa Kiswahili neno runinga. Mitambo hii ya simu haikumpata Nabhany wake, kwa sababu iliingia na kutoka upesi mno, na waliokuwa wakiijadili walikuwa mafundi wachache wenye vitabu vya Kiingereza. Sioni haja ya kuibunia maneno sasa. Ila nasikitika kwamba maarifa ya mafundi wale, mathalani ule ugonjwa wa modemu iliyoganda, hayakuandikwa kwa lugha waliyoyazungumzia.

Ubeti na picha

Turejee kwenye kabrasha. Ubeti wa utenzi una vipande vinne vya mizani 8, yaani mizani 32, na ukiandikwa kwa hati za Kirumi huchukua takriban herufi 80 pamoja na nafasi. Beti 100 ni herufi 8,000. Kwa kasi ya 28,800, ambayo ni herufi 3,600 kwa sekunde laini ikiwa safi, beti hizo zote hupanda kwa zaidi kidogo ya sekunde mbili.

Picha ya ukurasa mmoja wa mswada, ikibanwa hadi baiti 300,000, huongezeka theluthi moja inapoambatishwa kwenye barua pepe, kwa sababu barua hubeba herufi na picha haina budi kuvikwa vazi la herufi. Inakuwa baiti 400,000, na inahitaji sekunde 111 za laini isiyokatika. Mswada wa kurasa 60 unahitaji dakika 111. Kwa simu ya masafa hadi Mombasa, dakika zote hizo zilikuwa na bei.

Lau mtoa huduma wetu wa kukisia angelikuwepo na akachagua nilivyopendekeza, dakika zisingelipungua hata moja: upande wa kupanda kasi ingelikuwa ile ile. Lakini zingelikuwa dakika za simu ya mtaani, na barua ingelikabidhiwa kwanza kwa seva iliyo Amu, ukurasa mmoja usiku mmoja, kisha seva ikahangaika yenyewe na bomba la nyuma hadi alfajiri bila mtu kushika simu. Kurasa 60 zingelichukua miezi miwili. Barua za kabrasha lile zinaenea zaidi ya miaka miwili.

Kebo za baharini TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa mwaka 2009. Mwaka huu nimezipiga kurasa zote 60 picha kwa simu ya mkononi, sebuleni mwa mwenyeji wangu. Kurasa nne za mwanzo zimeliwa na mchwa, na kwa beti zilizokuwemo humo sina ila zile nukuu za Kirumi za barua pepe.